Kwotabeki Asiyefuata Kaida: Suala la Umbo na Dhima katika Futiboli ya Kimarekani

Mjadala kuhusu umbo hauwahusu wahakiki wa fasihi peke yao. Kila sanaa na kila mchezo wenye kaida zake huzaa, mapema au baadaye, kijana anayezikiuka, na papo hapo huzuka makundi mawili: wanaosema kwamba huyo si fundi, na wanaosema kwamba ufundi wenyewe sharti ufafanuliwe upya. Makala haya yanachunguza mjadala mmoja wa aina hiyo ambao umetokota nchini Marekani kwa zaidi ya nusu karne: je, kijana anayecheza nafasi ya kwotabeki kwa mtindo usiozoeleka anaweza kufaulu katika futiboli ya kulipwa? Tunanuia kuonyesha kwamba swali hilo, jinsi linavyoulizwa aghalabu, huchanganya mambo mawili ambayo mwanafunzi wa fasihi amefunzwa kuyatenganisha, yaani umbo na dhima.

Kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida hili wameizoea kandanda, hatuna budi kueleza mchezo wenyewe kwa ufupi. Futiboli ya Kimarekani ina undugu na raga zaidi kuliko kandanda. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne, na ikishindwa, mpira huwaendea wapinzani. Kila jaribio huanza kwa mchezaji wa katikati kuupitisha mpira nyuma, kati ya miguu yake, hadi mikononi mwa kwotabeki. Katika raga ni mwiko kuurusha mpira mbele kwa mikono. Huku, kwotabeki huruhusiwa kufanya hivyo mara moja katika kila jaribio. Basi ana hiari tatu: kumkabidhi mkimbiaji aliye karibu naye, kumrushia mpokeaji aliye mbali, au kukimbia na mpira mwenyewe. Hiari hiyo ya tatu ndiyo chanzo cha ubishi wote. (Msomaji asipotoshwe na silabi za mwisho za jina hilo. Beki katika Kiswahili cha kandanda ni mlinzi, ilhali kwotabeki ndiye kiongozi wa mashambulizi.)

Kwotabeki wa kaida ni yupi? Ni mtu mrefu anayesimama nyuma ya ukuta wa wakingaji wake, mahali ambapo Wamarekani hupaita mfuko, akauangaza macho uwanja mzima kwa sekunde mbili tatu, kisha akarusha mpira kwa mkono mwepesi kabla hajafikiwa. Dan Marino, Peyton Manning na Tom Brady walikuwa hivyo. Brady, aliyetwaa ubingwa wa Super Bowl mara saba, alikuwa mzito wa mbio kiasi cha kutaniwa na mashabiki. Katika mkabala huu, kwotabeki anayekimbia anakiri kwamba mpango umevunjika.

Kaida hiyo haikuwa ya kiufundi tu. Mnamo 1968, Marlin Briscoe alianza mechi kadhaa kama kwotabeki wa Denver Broncos, akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupewa nafasi hiyo katika enzi ya kisasa ya ligi za kulipwa. Alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye kuponyoka mikononi mwa walinzi. Msimu huo alirusha pasi 14 zilizozaa mabao, idadi ambayo hakuna chipukizi mwingine wa Denver aliyekuwa ameifikia. Mwaka uliofuata hakupewa hata fursa ya kuigombea nafasi yake. Alihamia Buffalo, akageuzwa kuwa mpokeaji, akawa mpokeaji hodari, na baadaye akatwaa ubingwa mara mbili na Miami. Hakucheza tena kama kwotabeki wa kudumu. Alipofariki mwaka 2022, wengi walimtaja kwa lile ambalo angeweza kuwa.

Miaka 10 baada ya Briscoe, Warren Moon alimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Washington akiwa mchezaji bora wa mechi ya Rose Bowl ya 1978. Hakuna timu ya NFL iliyomteua. Moon hakuwa mkimbiaji hasa. Alikuwa mrushaji wa kuigwa. Alikwenda Kanada, akatwaa ubingwa wa huko miaka mitano mfululizo akiwa Edmonton, na mwaka 1984 ndipo Houston walipomwita. Mwaka 2006 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli. Kisa cha Moon kinatufunza jambo ambalo wachambuzi wa michezo hupenda kulikwepa: mara nyingine sifa ya "kutofuata kaida" haikutokana na namna mtu alivyocheza, bali na namna alivyoonekana.

Hata hivyo, tusikimbilie kuhitimisha kwamba kila anayeshukiwa ni mwanamapinduzi aliyeonewa. Hapa ndipo panapotufaa kisa cha Tim Tebow, Mzungu kutoka Chuo Kikuu cha Florida. Mnamo 2007 alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa pili kupata Tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo. Alikuwa na kifua cha mbeba mizigo, alikimbia kwa kuwagonga walinzi badala ya kuwakwepa, na alirusha kwa mkono wa kushoto akiuzungusha chini kwanza, hivyo walinzi wakapata wasaa wa kuona mpira unakoelekea. Denver walimteua wa 25 mwaka 2010, na nchi nzima ikagawanyika.

Msimu wa 2011 ulikuwa kama hekaya. Alikabidhiwa timu iliyokuwa imeshinda mechi moja tu kati ya tano, akashinda saba kati ya nane za kwanza alizoanza. Katika mechi dhidi ya Kansas City alifikisha pasi mbili tu kati ya nane, na bado timu yake ikashinda 17-10. Mnamo Januari 8, 2012, katika mechi ya mchujo dhidi ya Pittsburgh, muda wa ziada ulipoanza tu, alimrushia Demaryius Thomas pasi iliyozaa yadi 80 na ushindi. Wafuasi wake waliuliza: ushahidi gani mwingine mnautaka? Lakini msimu huo wote, kati ya kila pasi 100 alizorusha, hazikufika 47, wakati ligi kwa jumla ilikuwa ikifikisha takriban 60. Wiki moja baada ya kuwashinda Pittsburgh, New England waliwafunga 45-10. Mwezi wa Machi Denver walimsajili Peyton Manning, Tebow akapelekwa New York Jets, na baada ya msimu wa 2012 hakucheza tena mechi ya ligi.

Kwa maoni yetu, waliomkosoa Tebow walikuwa na haki, ingawa wengi wao walitoa sababu isiyofaa. Walisema hatafaulu kwa kuwa anakimbia. Kilichomwangusha si kukimbia. Aliposhurutishwa kurusha, na ligi nzima ilijifunza upesi kumshurutisha, mpira haukufika. Umbo lake lilikuwa geni, ndiyo, lakini dhima ya kwotabeki ni kuamua haraka na kuufikisha mpira mbele kwa njia yoyote iliyo wazi. Njia moja ilipofungwa hakuwa na ya pili.

Sasa tumtazame Lamar Jackson, ambaye alipata Heisman mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 19 katika Chuo Kikuu cha Louisville. Hakuna aliyewahi kuipata akiwa mdogo zaidi. Kabla ya uteuzi wa 2018, Bill Polian, aliyewahi kuwa meneja mkuu wa Indianapolis Colts na mtu mwenye heshima kubwa katika mchezo huo, alisema hadharani kwamba kijana huyo afadhali awe mpokeaji. Msomaji anamkumbuka Briscoe. Ni shauri lile lile, miaka 50 baadaye. Timu ziliteua makwotabeki wanne kabla yake, na Baltimore Ravens wakamchukua wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Mmoja wa wale wanne alikuwa Josh Rosen, aliyesifiwa kwa kurusha kwa namna inayofanana na picha ya vitabuni. Arizona walimteua wa 10. Mwaka mmoja baadaye walimteua kwotabeki mwingine, Kyler Murray, nao Rosen wakamuuza Miami. Umbo kamili halikumfaa kitu.

Baltimore walifanya jambo ambalo Denver walilifanya nusunusu tu: waliujenga upya mchezo wao wote ili umwafiki mchezaji. Ili tuelewe thamani ya uamuzi huo, tutulie kidogo kwenye hesabu zake. Katika mtindo wa jadi, kwotabeki akishamkabidhi mkimbiaji mpira huwa mtazamaji. Wapinzani hubaki 11 dhidi ya 10, na mkimbiaji mwenyewe hawezi kujikingia. Basi daima kuna mlinzi mmoja au wawili wasiozuiwa na mtu. Kwotabeki anayekimbia huigeuza hesabu hiyo. Wenzake humwacha kwa makusudi mlinzi mmoja wa pembeni bila kumgusa. Kwotabeki huuweka mpira tumboni mwa mkimbiaji bila kuuachilia, macho yake yakimtazama mlinzi yule. Mlinzi akimfuata mkimbiaji, kwotabeki huuchomoa mpira na kupita pale alipoondoka. Akibaki palepale, mpira huachiliwa uende. Vyovyote atakavyochagua amekosea, na amezuiwa na jicho tu, bila kuguswa na bega la mtu. Juu ya hayo, hofu ya mbio huwavuta walinzi wa nyuma waje mbele, na wakija, wapokeaji huachwa peke yao. Hivyo miguu ya Jackson iliifungulia mikono yake njia.

Matokeo ya 2019 yanajulikana. Jackson alikimbia yadi 1,206, akaivunja rekodi ya makwotabeki iliyowekwa na Michael Vick mwaka 2006, na timu kwa jumla ikakimbia yadi 3,296, ambazo hazikuwa zimewahi kufikiwa katika ligi hiyo. Lakini takwimu inayotuhusu zaidi ni nyingine: aliongoza ligi nzima kwa pasi 36 zilizozaa mabao, na alifikisha asilimia 66.1 ya pasi zake. Alichaguliwa mchezaji bora kwa kura zote 50. Polian alikiri mwaka huo huo kwamba alikuwa amekosea. Mwaka 2023 Jackson aliipata tuzo hiyo mara ya pili.

Upande wa jadi haukosi hoja, na ingekuwa si haki kuuzima. Hoja yao nzito ni mwili. Robert Griffin III aliingia Washington mwaka 2012 kwa kishindo, akakimbia na kurusha kwa ustadi, akatangazwa chipukizi bora wa mashambulizi. Januari 2013 goti lake liliharibika katika mechi ya mchujo, na hakurudi tena kuwa yule wa awali. Jackson mwenyewe aliikosa miisho ya misimu ya 2021 na 2022 kwa majeraha, ingawa jeraha moja kati ya hayo alilipata akiwa amesimama mfukoni, mahali panaposemekana kuwa salama. Hoja nyingine ni mechi za mchujo, ambamo wapinzani huwa na ukuta imara na muda wa kujiandaa: Ravens walishinda mechi 14 kati ya 16 mwaka 2019, kisha Tennessee wakawatoa 28-12.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili atakuwa ameisikia mizani ya mjadala huu mahali pengine. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliandika kaida zilizokuwa tayari zikiishi vinywani mwa malenga. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, hukumu ya wanamapokeo ilikuwa kwamba hayo si mashairi, kama vile Jackson alivyoambiwa kuwa yeye si kwotabeki. Hawakusema "ni mashairi mabaya". Hiyo ingekuwa hukumu inayoweza kupimwa kwa kusoma. Walimtoa nje ya fani, na mtu aliyetolewa nje ya fani hapati jukwaa la kuonyesha kama anaiweza. Kwa upande mwingine, sote tumesoma tungo zilizotupa vina na mizani na zisiweke chochote mahali pake, na watunzi wake wakalilia Kezilahabi kama wafuasi wa Tebow wanavyolilia Jackson. Kuacha urari si kosa wala si sifa. Tunauliza shairi linafanya kazi gani pale ambapo urari ungeifanya.

Katika Super Bowl ya Februari 2023, kwa mara ya kwanza, makwotabeki wote wawili walikuwa Waafrika-Wamarekani, Patrick Mahomes na Jalen Hurts, na wote wawili hukimbia inapobidi. Walikutana tena Februari 2025. Jackson hakuwamo. Januari 19 mwaka huo, kule Buffalo kwenye theluji, Ravens walikuwa nyuma 27-25, zikiwa zimesalia chini ya dakika mbili, wakihitaji alama mbili za nyongeza ili kusawazisha. Kila mlinzi alitarajia kwamba huenda angekimbia. Hakukimbia. Alimwona Mark Andrews, mpokeaji aliyemwamini kuliko wote, akamrushia. Pasi ilifika mikononi, nayo ikaponyoka. Asubuhi yake baadhi ya wachambuzi walikuwa wameshaanza kuuliza tena kama kwotabeki wa aina hiyo anaweza kutwaa ubingwa.