Dalglish: Mchezaji aliyegeuka bosi wa wenzake

Kumwamrisha mtu usiyemjua si kazi ngumu. Lakini je, msomaji, utamwambiaje rafiki uliyekula naye na kusafiri naye miaka nenda miaka rudi kwamba Jumamosi hii atakaa benchi?

Hicho ndicho kibarua kilichomkabili Kenny Dalglish mnamo 1985, alipokabidhiwa usimamizi wa Liverpool akiwa bado mchezaji wake. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Dalglish alizaliwa jijini Glasgow, Scotland, Machi 4, 1951. Kwao walishabikia Rangers, lakini waliomjia ni mahasimu wao wa jadi, Celtic. Inasimuliwa kwamba mjumbe wa Celtic alipobisha hodi, kijana alitimua mbio chumbani kubandua picha za nyota wa Rangers ukutani! Alijiunga na Celtic mwaka wa 1967, na mwanzoni aligawa siku zake kati ya kandanda na uanagenzi wa useremala.

Baada ya mataji manne ya ligi, Liverpool ilimnunua Agosti 1977 kwa pauni 440,000. Hazikupita hasara. Mei 1978 alifunga bao la pekee lililoilaza Club Brugge katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, uwanjani Wembley.

Mei 29, 1985, msiba ulizuka katika uwanja wa Heysel, Ubelgiji. Watu 39, wengi wao Waitaliano, walifariki kabla ya fainali kati ya Liverpool na Juventus, baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia na ukuta kuporomoka. Klabu za Uingereza zikafungiwa nje ya mashindano ya Ulaya. Meneja Joe Fagan alikuwa anastaafu, na mzigo ukamwangukia Dalglish.

Nahodha wakati huo alikuwa Phil Neal, rika lake. Dalglish alimpa Alan Hansen unahodha, na kabla ya mwaka kwisha Neal akaenda Bolton kuwa mchezaji na meneja huko. Msumeno wa Dalglish ulikata pande zote, kwani alijiacha nje yeye mwenyewe mara nyingi na kumpanga Paul Walsh.

Alirejea uwanjani ligi ilipokaribia ukingoni. Mei 3, 1986, alifumania nyavu za Chelsea kwa bao la pekee lililoipa Liverpool taji. Wiki moja baadaye wakaikung'uta Everton 3-1 katika fainali ya Kombe la FA. Ligi na kombe hilo katika msimu mmoja! Liverpool haikuwa imewahi kufanya hivyo.

Lakini umeneja si vikombe tu. Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa uwanjani Hillsborough, mjini Sheffield. Idadi ya waliopoteza maisha sasa ni 97. Dalglish na mkewe Marina walifariji jamaa na kuhudhuria mazishi, siku moja wakifika kwenye mazishi manne. Mwaka wa 2016 baraza la mahakama liliamua kwamba mashabiki hawakuwa na lawama.

Majonzi hayo hayakumtoka. Februari 1991, siku mbili baada ya sare ya 4-4 na Everton, alijiuzulu huku Liverpool ikiongoza ligi. Wengi walipigwa na butwaa. Mtu anaachaje kiti akiwa kileleni? Jibu ni kwamba alikuwa amechoka, naye hakuona aibu kulikubali hilo.

Miezi minane baadaye alianza upya na Blackburn Rovers, timu ya divisheni ya pili. Aliipandisha mwaka wa 1992, akisaidiwa na fedha za tajiri Jack Walker, na mnamo 1995 ikatwaa ubingwa wa Uingereza iliokuwa imeukosa kwa miaka 81. Na siku ya kukabidhiwa taji ilikuwa wapi? Anfield, nyumbani kwa Liverpool! Blackburn ilichapwa 2-1 siku hiyo, lakini Manchester United ilitoka sare na West Ham.

Baadaye alifunza Newcastle, kisha akarudi Liverpool 2011 na kushinda Kombe la Ligi 2012, kabla ya kuachishwa kazi Mei mwaka huo.

Kijana unayeota kuongoza wenzako, kumbuka ya seremala huyu wa Glasgow. Kabla ya kumweka mwenzako benchi, jiulize kama wewe mwenyewe unaweza kuketi hapo.