Buda, hiyo CCCP kwa jezi si "si si si pi": Cheki vile herufi za Kirusi husomwa

Cheki picha za kitambo za Lev Yashin, yule golikipa alibeba Ballon d'Or 1963. Kwa kifua cha jezi utaona CCCP. Wasee wengi husoma "si si si pi". Zii! Hiyo ni SSSR, kifupi cha Umoja wa Kisovieti kwa Kirusi. C yao ni S, na P yao ni R.

Alfabeti ya Kirusi iko na herufi 33, na zile ngeni kabisa kama Ж, hiyo inakaa mdudu, hazina noma sana juu unajua huzijui. Zenye zinakuchezea ni zile unadhani mnajuana. В ni V. Н ni N. У ni U. Х ni ile "kh" ya kheri, vile watu wa Pwani huitoa kooni. Sasa jaribu РЕСТОРАН. Macho yanaona "pektopah", lakini ukibadilisha moja moja unapata "restoran". Umepata mahali pa kudishi.

Hapo unajiona fiti, alafu unakutana na молоко, yaani maziwa. Kwa karatasi ni "moloko". Msee wa Moscow atakwambia "malako". О ikikosa mkazo inalegea, inakuwa karibu A. Hata mji wao huandikwa Москва na kuitwa "Maskva". Sisi kwa Kiswahili O ni O, iwe mwanzo ama mwisho.

Kibaya zaidi, mkazo wenyewe hauandikwi, labda kwa kamusi na vitabu vya wanafunzi. Замок ukikazia mwanzo ni ngome ya mfalme. Ukikazia mwisho ni kufuli. Ni kama barabara ya matatu na ile ya "sawa barabara", lakini sisi maneno kama hayo ni machache, mkazo wetu karibu kila saa uko silabi ya pili kutoka mwisho. Huko unakariri neno kwa neno. Pole.

Alafu kuna Ь. Hii haina sauti yake, kazi yake ni kulainisha konsonanti iliyo kabla yake. Sema "nana", alafu "nyanya". Umeskia vile ulimi unapanda juu? Ndio hiyo kitu. Брат ni ndugu yako wa kiume, брать ni kuchukua. Kwetu masikio yanaskia "brat" mara mbili, lakini Mrusi anaskia maneno mawili tofauti kabisa.

Kuna pia Ъ, ambayo zamani ilibandikwa mwisho wa maneno kibao bila kutoa sauti yoyote. Wino wa bure tu. Mageuzi ya 1918 yakaifukuza hapo, siku hizi hukaa katikati ya maneno machache kutenganisha sauti. Na usiniulize mbona его, yaani "yake", iko na Г ya G lakini husomwa "yivo". Hiyo unazoea tu.

Haya, soma hii: НАЙРОБИ. Й ni Y, Б ni B, И ni I, hizo zingine ushaziona. Mkazo uko kwa О, kwa hivyo hapo hailegei.