Ardhi Haiuzwi, Nyumba Inauzwa

Msumbiji ardhi ni mali ya taifa, haiuzwi wala haiwekwi rehani. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi namba 19 ya mwaka 1997. Lakini uliza Palma au Mocímboa da Praia bei ya kiwanja, utatajiwa papo hapo. Anachokuuzia mwenyeji, kisheria, ni nyumba iliyojengwa. Mjini, ukinunua nyumba, haki ya kutumia kiwanja inakufuata. Shambani mambo ni mengine: hapo lazima kwanza serikali iidhinishe.

Haki yenyewe inaitwa DUAT, na raia huipata kwa njia tatu: kwa mila za jamii yake, kwa kukaa mahali miaka 10 kwa nia njema, au kwa kuomba. Njia mbili za kwanza hazihitaji karatasi. Mzee aliyerithi minazi ya babu yake anayo haki tayari, na majirani wakitoa ushahidi, sheria inawasikiliza. Ni sheria ya kiungwana kuliko nyingi za ukanda huu.

Tatizo ni kwamba ramani za ofisini hazijui minazi ya babu. Anayekuja kuomba huleta mchoro wa eneo na maelezo ya mradi. Tangazo hubandikwa, kisha wanakijiji huitwa mkutanoni waseme kama eneo lina wenyewe. Mkutano huo ndio kila kitu. Muhtasari ukishatiwa saini, kurudi nyuma ni kazi ngumu.

Afungi, kusini mwa mji wa Palma, ndiyo darasa letu. Mwaka 2012 haki ya takriban hekta 7,000 ilitolewa kwa ajili ya kiwanda cha gesi, mahali palipokuwa na watu, mashamba na madago ya wavuvi. Shirika la Centro Terra Viva lilihoji wazi namna wananchi walivyoshirikishwa. Baadaye familia zaidi ya 500, nyingi zikiwa za kijiji cha Quitupo, zilipangiwa kuhamia Quitunda, kijiji kipya kilichojengwa kwa ajili yao.

Kanuni za kuhamisha watu za mwaka 2012 zinataka nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, isiyopungua mita za mraba 70. Nyumba za Quitunda ni za matofali, zina umeme na maji. Lakini mvuvi aliyekuwa akitoka mlangoni na kufika pwani kwa miguu sasa anahitaji usafiri, na hakuna kanuni inayopima umbali huo kwa mita za mraba. Kwa maoni yangu hapo ndipo upangaji ulipokosea: ulihesabu paa na miti, ukasahau bahari.

Jambo jingine ambalo wajenzi wa pwani husahau: mita 100 kutoka maji yanapofika bamvua ni eneo la hifadhi. Hapo DUAT haipatikani, ila leseni maalumu tu.

Kwa hiyo vijiji ambavyo bado havijapimwa viombe kuainishiwa mipaka sasa, wazee, wanawake na vijana wakichora ramani yao na majirani wakiithibitisha, kabla mwombaji hajafika. Nawe unayetaka kujenga, usitoe hata metikali moja kabla ya kwenda manispaa, au serikali ya wilaya pasipo na manispaa, ukaonyeshwa kiwanja chako kiko wapi kwenye mpango wa mji.