Thelma Ritter: Mwigizaji wa Pembeni Aliyebeba Filamu

Katika filamu ya Miracle on 34th Street ya mwaka 1947, mama mmoja anamjia juu Santa Claus wa dukani. Mzee huyo amemwahidi mtoto wa mama huyo gari la zimamoto, na mama amezunguka mji mzima bila kuliona, miguu inamuuma. Mzee anamtajia duka jingine linaloliuza. Hasira zinamwisha, anabaki ameduwaa. Ni dakika chache tu, na jina la mwigizaji halikuandikwa hata kwenye orodha ya washiriki.

Alikuwa Thelma Ritter, mzaliwa wa Brooklyn, New York, mwaka 1902. Alisomea uigizaji na kucheza jukwaani, akapunguza kazi ili alee watoto, kisha akarudi kupitia redio. Hollywood ilimpata akiwa na miaka arobaini na ushee, umri ambao waigizaji wengi wa kike walikuwa wameshaanza kunyimwa kazi.

Hakupewa nafasi za warembo. Alicheza mtumishi, mama, muuguzi. Lakini mtazame katika All About Eve (1950): ni yeye, mhudumu wa Bette Davis, anayeushtukia ujanja wa Eve, msichana anayejipendekeza kwao, kabla ya wasomi na wakubwa wote. Katika Rear Window (1954) anamkanda mgongo James Stewart huku akimsema kwa kuchungulia majirani. Siku si nyingi naye anachungulia kwa shauku ileile.

Kazi yake kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni Pickup on South Street (1953) ya mwongozaji Samuel Fuller. Anacheza Moe, bibi anayeuza tai mitaani na kuwauzia polisi habari za wachopozi. Kila senti anaiweka akiba ya kununua kaburi, kwa kuwa hofu yake ni kuzikwa na maskini wasio na mtu. Usiku mmoja anarudi chumbani amechoka, anaweka santuri. Muuaji anamsubiri, anataka anwani ya kijana mmoja. Moe, aliyezoea kuuza siri, safari hii anakataa. Halii, wala habembelezi. Anazungumza taratibu kama mtu anayetaka kulala. Kamera inamwacha, na mlio wa risasi unasikika. Nyota wa filamu hiyo ni Richard Widmark, lakini tukio linalobaki kichwani ni hilo.

Filamu hiyo na All About Eve ni miongoni mwa zile zilizomfanya ateuliwe mara 6 kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, nne kati ya hizo mfululizo. Hakushinda hata moja, na huo ulikuwa uonevu. Jukwaani alipata haki yake: mwaka 1958 alitwaa tuzo ya Tony kwa New Girl in Town, pamoja na mwenzake Gwen Verdon.

Alifariki mwaka 1969. Asiyemjua aanze na Pickup on South Street, na asiondoke kwenye kiti Moe anapoingia chumbani.