Taka za Nairobi, Maji ya Ukambani

Mtu wa Kanyangi, Kitui, hana haja ya kupanda basi kwenda Nairobi ili akutane na uchafu wake. Mto Nairobi hupita kando ya jaa la Dandora, humwaga maji yake katika Athi, na Athi huteremka kuambaa Uwanda wa Yatta hadi unapozitenga Kitui na Makueni. Kiangazi kikikaza, huo ndio mto wanaoutegemea wenye mifugo na bustani za ukingoni.

Kwa hiyo habari ya uchumi wa mzunguko mijini inawahusu hata wa vijijini. Wazo lenyewe ni jepesi: kitu kikimaliza kazi moja kipewe nyingine, kitengenezwe, kiyeyushwe au kirudi shambani kama mbolea.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, wameyafanya hayo miaka mingi. Pipa la mafuta lililokwisha hukatwa kwa patasi na nyundo, bati likanyooshwa kwa kugongwagongwa, likakunjwa kuwa jiko, na ndani likatiwa kikombe cha udongo uliochomwa ili joto lisipotee. Vipande vinavyobaki huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tairi kuukuu nalo huwa akala, viatu wanavyovijua vyema wachungaji wa Ukambani.

Penye uzito zaidi ni taka zinazooza, ambazo ni zaidi ya nusu ya taka za Nairobi. Kampuni ya Sanergy, iliyoanzisha vyoo vya Fresh Life mtaani Mukuru mwaka 2011, ilikusanya kinyesi na mabaki ya vyakula, ikavitumia kulisha mabuu ya nzi. Mabuu huwa chakula cha mifugo. Masalio huwa mbolea. Kila mzigo unaopita njia hiyo ni mzigo ambao haukuishia mtoni.

Hata hivyo, juhudi hizi bado ni ndogo mno mbele ya mlima wa Dandora, na waokota taka wanaoubeba mzunguko huo hupumua moshi wa jaa kwa ujira mdogo. Sheria ipo: ile ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka, na watengenezaji wawajibikie bidhaa zao hata zikishatumika.

Utekelezaji wake unawagusa walio chini ya mto: Bwawa la Thwake, Makueni, limesanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688 za maji, yakiwemo ya Athi, kwa matumizi ya nyumbani, kilimo na umeme. Viongozi wa Kitui na Makueni waishinikize Nairobi itekeleze sheria hiyo sasa, maana watakaoyanywa maji hayo ni watu wao.