Gari Jipya: Oili ya Kwanza Imwagwe Lini?

Wengi wetu tulioko nje tumekulia kwenye magari ya mtumba. Gari linashuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa likiwa limeshatembea kilomita laki moja na ushee, na kazi ya kwanza ni kulipeleka gereji likamwagwe oili. Kitabu cha gari hakiulizwi, maana hata kama kipo kimeandikwa Kijapani. Halafu unakuja Uingereza, unafanya kazi, na siku moja unasaini mkopo wa miaka minne kwa gari lenye maili 9 kwenye dashibodi. Hapo linazuka swali ambalo nyumbani hatukuwahi kulipata: oili iliyotoka nayo kiwandani ikae mpaka lini, na ikimwagwa iwekwe ipi?

Baba yangu alikuwa fundi magari Gerezani kwa zaidi ya miaka 30. Nilipomtumia picha ya gari, hongera ilikuwa sentensi moja, yaliyobaki yalikuwa maagizo: "Mwanangu, likifika kilomita elfu moja mwaga hiyo oili. Halafu weka nzito kidogo." Kitabu cha gari langu, ambalo ni Toyota, kinasema maili 10,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Maili 10,000 ni kama kilomita 16,000. Kati ya 1,000 ya baba na 16,000 ya kitabu pengo ni kubwa, na dhamana ya gari imo humo humo.

Kilomita elfu moja zilitoka wapi

Ushauri wa baba una msingi. Injini za zamani zilichongwa kwa mashine zisizo makini kama za leo. Pistoni, ringi na silinda zilimaliza kulainishana zenyewe barabarani, na vumbi la chuma lililotoka humo liliingia kwenye oili. Oili yenyewe ilikuwa ya kawaida, isiyodumu. Kuimwaga mapema kuliokoa injini nyingi.

Injini za leo huchongwa kwa vipimo vidogo mno na kusafishwa kabla ya kufungwa. Chembe za chuma bado hutoka mwanzoni, ila ni chache, na filta hukamata sehemu kubwa. Oili nyingi za sasa ni sinthetiki, zinazovumilia joto kwa muda mrefu zaidi. Wapo hata watengenezaji, kama Honda, wanaosema oili ya kiwandani isitolewe kabla ya wakati wake, kwa sababu imewekwa makusudi kwa kipindi hicho cha mwanzo.

Kinachobaki na uzito katika kilomita elfu moja za kwanza ni uendeshaji. Vitabu vya Toyota vinasema katika kipindi hicho usikanyage mafuta kwa ghafla, usiende kasi sana, na usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kwa hiyo si wakati wa kuchukua gari dukani na kupiga nalo safari ya London mpaka Glasgow kwa kasi ile ile.

Namba za kwenye galoni

Galoni langu limeandikwa 0W-20. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi: ikiwa ndogo, oili inafika juu ya injini haraka asubuhi ya Januari. Namba ya mwisho ni uzito wake ikishapata moto wa nyuzi 100.

Nyumbani tumezoea 20W-50, na sababu tunayopewa ni joto la kwetu. Lakini injini ikishachemka hutunzwa kwenye joto lake na themostati na rejeta, iwe Mwanza au Manchester. Injini iliyochongwa kwa nafasi nyembamba inataka oili nyepesi. Ukiijaza nzito, inachelewa kupita kwenye vijia vyake na gari linakula petroli zaidi. Oili nzito ilisaidia injini zilizochoka, ambazo nafasi zake zilikuwa zimeshapanuka.

Namba peke yake hazitoshi. Galoni mbili za 5W-30 zinaweza kuwa dawa mbili tofauti. Angalia pia daraja la ubora: API SP, lililoanza mwaka 2020, au madaraja ya ACEA ya Ulaya kama C3 na C5. Gari la dizeli lenye chujio la moshi linahitaji oili inayoacha majivu machache, la sivyo chujio huziba. Daraja limeandikwa kitabuni. Fananisha neno kwa neno na lebo, kama tunavyofanya wodini kabla ya kumpa mgonjwa dawa.

Safari fupi

Nilimpigia baba kumweleza haya yote. Alisikiliza, kisha akauliza: "Hilo gari linatembea umbali gani kwa siku?" Nikamwambia maili tatu kwenda hospitali, tatu kurudi, mara nyingi alfajiri au usiku. Akasema, "Basi injini yako haipati moto. Hizo maili elfu kumi si zako."

Hapo alikuwa sahihi kabisa, na kitabu kinakubaliana naye. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Injini ikiwa ya baridi, sehemu ya mvuke huo hugeuka maji ndani yake, na petroli kidogo hupenya kandokando ya ringi na kuingia kwenye oili. Safari ndefu huchemsha oili na kuvifukuza vyote viwili. Safari ya dakika kumi haifiki huko, na vinabaki kujilimbikiza.

Ndiyo maana vitabu vingi vina ukurasa wa mazingira magumu: safari fupi za mara kwa mara kwenye baridi, vumbi, kuvuta tela, kukaa muda mrefu injini ikiunguruma. Ukiwa kundi hilo, muda wa kumwaga oili hupungua, mara nyingi kwa nusu. Mimi nimeamua miezi sita badala ya mwaka, hata kama maili hazijafika 3,000. Wauguzi wenzangu, wazazi wa kupeleka watoto shule na wanafunzi wanaofanya kazi jirani na nyumbani, wengi tuko humo bila kujua.

Dhamana na risiti

Nchini Uingereza na Umoja wa Ulaya, gereji ya mtaani inaweza kuhudumia gari lako bila kuvunja dhamana, mradi ratiba ya mtengenezaji ifuatwe na oili na filta ziwe za ubora unaotakiwa. Marekani ina sheria ya tangu 1975 inayomlinda mteja kwa namna hiyo. Kinachokutetea ni karatasi: risiti yenye tarehe, maili, aina ya oili na daraja lake. Kama gari ni la mkopo, soma pia mkataba wake, maana baadhi huweka masharti yao ya huduma.

Kumwaga mapema hakuvunji dhamana ukitumia oili sahihi. Kuchelewa ndiko kunakoleta maneno. Na ukimwaga mapema, huduma ya mwaka bado inabaki palepale.

Kwa ndugu walioko Muscat au Dubai, fuateni kitabu cha gari la Ghuba, si cha Ulaya. Joto na vumbi hubadilisha ratiba. Na kama unapeleka gari nyumbani, pakia galoni moja au mbili za oili yake na umwachie fundi namba zake kwa maandishi.

Mara moja kwa mwezi, simamisha gari mahali tambarare, zima injini iliyopata moto, subiri dakika tano au zaidi, kisha toa kijiti cha oili, futa, chovya tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikishuka, ongeza kidogo kidogo. Ikipanda bila kuongezwa na kunuka petroli, usisubiri tarehe, ipeleke gereji.