Mshikio Ukibanduka, Kagua Mikono ya Upinde

Katika maduka ya mbao ya Marekani, ubao wa mwaloni mwekundu huuzwa ukiwa umeshapigwa randa. Kibandiko chake husema inchi 1 kwa 2, lakini ukiupima utakuta unene wa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, na upana wa inchi moja na nusu. Wengi huununua kwa ajili ya rafu na fremu. Wachache husimama mbele ya rundo wakipekua ubao mmoja baada ya mwingine, wakitafuta ule ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Hao wanakwenda kuchonga upinde.

Uchongaji huu wa nyumbani ulipata nguvu mpya mwaka 1992, ilipotoka juzuu ya kwanza ya The Traditional Bowyer's Bible, mfululizo uliofikia juzuu ya nne mwaka 2008. Waandishi wake waliwapa wasomaji habari njema kwa wasio na fedha: si lazima uwe na myuu, mti wa Ulaya uliosifiwa karne nyingi kwa pinde. Mti wa kawaida nao unafaa, mradi mikono ya upinde ichongwe mipana na mirefu ya kutosha kubeba mzigo wake. Tangu hapo mwaloni wa dukani umekuwa shule ya wanaoanza.

Lakini ubao wa milimita 19 una upungufu. Mikono, ile sehemu ya juu na ya chini inayopinda, unene huo unaitosha na mwingine unabaki wa kuchongwa. Mshikio ndio unaopungukiwa. Kiganja kinataka kitu kinene cha kukamata, na zaidi ya hapo, katikati ya upinde hupunguzwa upana ili mshale upite karibu na mstari wa kati. Uimara uliopotea kwa upana hauna budi kurudishwa kwa unene. Kwa hiyo fundi hubandika kipande cha mbao upande wa tumbo, yaani upande unaomwelekea mpigaji. Ule unaoelekea shabaha huitwa mgongo. Kipande hicho huwa na urefu wa sentimita 20 hivi. Nusu yake, ile ya katikati, ni ya kushika, na pande zote mbili huchongwa kwa mteremko hadi kipotelee kwenye ubao.

Kisha siku moja, upinde ukiwa umevutwa, inasikika sauti ndogo: tik. Mpigaji anageuza, anachungulia, na kwenye ncha ya mteremko anaona mstari mwembamba kama unywele. Kipande kimeanza kuachia.

Lawama ya kwanza huangukia gundi. Mara nyingi gundi haina kosa. Ili kuona sababu, chukua rula mbili za plastiki, zilaze moja juu ya nyingine na uzipinde pamoja. Tazama ncha zake: haziko sawa tena, moja imeteleza mbele ya mwenzake. Zikibandikwa kwa gundi haziwezi kuteleza, na nguvu ile yote ya kutaka kuteleza inabebwa na gundi peke yake. Mshikio usiopinda hauna shida hiyo kwa kiasi cha kutisha. Mshikio unaopinda, hata kidogo tu, hurudia kuivuta gundi kila mshale unapovutwa, na ncha za miteremko ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu pale mkono unajaribu kujikunja na kuuacha mwisho wa kipande nyuma. Gundi nyingi huvumilia vizuri kusukumwa kwa ubavu. Kubanduliwa kuanzia ukingoni hazikuwezi.

Hesabu inasaidia hapa. Ukizidisha unene wa mbao mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara nane; ukizidisha upana mara mbili, ugumu huongezeka mara mbili tu. Ndiyo maana milimita mbili tatu za unene kwenye mteremko zinaweza kuamua kama mshikio utatulia au utachezacheza. Fundi mwenye haraka huchonga miteremko mifupi na mikali ili upinde upendeze, au hukwangua ubao karibu mno na mshikio wakati wa kusawazisha mkunjo wa mikono. Hapo ameuambia upinde ujipinde mahali ambapo gundi inauambia usijipinde.

Watu wa kale waliukwepa mtego huu kwa njia mbili. Upinde wa Holmegaard, uliopatikana kwenye kinamasi cha Denmark mwaka 1944 na wenye umri wa takriban miaka 9,000, ulichongwa kutoka mti mmoja wa jamii ya elmi. Mikono yake ni mipana na bapa, mshikio wake ni mwembamba na wa kina, na hakuna kilichobandikwa: aliyeuchonga aliacha tu mbao ibaki nene pale alipotaka kushika. Njia ya pili ni kuuacha upinde wote ujikunje, mshikio ukiwemo. Pinde ndefu zaidi ya 130 zilizopatikana nzima ndani ya meli ya kivita ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ni vijiti vya myuu visivyo na mshikio wa kubandikwa. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, nao huchonga upinde kutoka tawi moja na kuushika hivyo hivyo ulivyo. Katika pinde za namna hiyo hakuna kitu cha kubanduka.

Kuunga mbao kwenye mshikio si dhambi, hata hivyo. Saxton Pope, daktari wa upasuaji wa San Francisco aliyejifunza upinde kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi la California, alieleza katika kitabu chake cha 1923 jinsi ya kupata upinde mrefu kutoka vipande viwili vifupi vya myuu vilivyounganishwa katikati kwa maungio ya mkia wa samaki. Miaka miwili baadaye yeye na Arthur Young walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa pinde na mishale. Maungio ya namna ile hushika kwa sababu nyuso za gundi ni ndefu, zinaumana, na zimewekwa mahali pasipopinda.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Jambo la kwanza ni kuuvua upote na kuacha kupiga, maana kipande kinachoachia ukiwa umevuta hadi mwisho kinaweza kurukia mkono au uso. La pili ni kujua ufa umefika wapi. Ukanda wa karatasi nyembamba hupitishwa kwenye mstari ule; unapokwama ndipo gundi inapoanza kushika. Ukiingia milimita chache upande mmoja tu, tatizo bado changa. Ukitokea upande wa pili, kipande kimeshikiliwa na mazoea.

Kama kipande bado kimeshika katikati, kuna kipimo kimoja cha kufanya kabla ya kukigusa. Rula fupi ya chuma hulazwa mgongoni, nyuma ya mshikio, kisha upinde huvutwa taratibu kwa kamba na kapi, kidogo tu, mtu akiwa amesimama kando. Mwanga ukitokea chini ya ncha za rula, mshikio unapinda. Hapo dawa haiko kwenye chupa ya gundi.

Baada ya kipimo hicho, kipande hung'olewa chote. Kubandika ukingo na kuacha katikati ni kazi bure. Joto kutoka kwenye mashine ya kukaushia rangi hulegeza gundi nyingi, na epoksi ya kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, ambazo ndani ya gari lililofungwa juani zinaweza kufikiwa. Baadhi ya mishikio hufa kwa njia hiyo, kwenye kiti cha nyuma, bila mshale hata mmoja kupigwa.

Sasa nyuso mbili zilizoachana zinasomwa, na hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka. Zikiwa na nyuzi za mbao zilizochanika, gundi ilishika kuliko mbao. Kilichoshindwa ni mbao, na sababu ni mkunjo. Gundi ikiwa imebaki yote upande mmoja, laini na ya kung'aa, huku upande wa pili ukiwa mtupu, basi haikuwahi kushika upande ule: vumbi, mafuta ya vidole, au mbao yenyewe kuwa na mafuta. Gundi ikiwa pande zote mbili lakini ya unga unga au yenye kunata kama ulimbo, ilichanganywa vibaya au haikukauka. Na kama nyuso karibu hazina gundi kabisa, vibano vilikazwa mno vikaikamua yote nje. Kosa hilo huwapata zaidi waliozoea gundi nyeupe ya maseremala, ambayo hutaka kubanwa kwa nguvu, wanapohamia epoksi, ambayo hutaka tabaka jembamba libaki ndani.

Aina ya mbao ina neno lake pia. Mafundi hupenda kipande cha mshikio kiwe cha mti mgumu wenye rangi, na mpingo wa Tanzania na Msumbiji, ambao dunia inaujua zaidi kupitia klarineti, huvutia kuliko mingi. Lakini mpingo na ndugu zake wana mafuta ndani. Uso wake hukwanguliwa upya, hufutwa kwa asetoni, na hupakwa gundi papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena. Maabara ya serikali ya Marekani ya mazao ya misitu, iliyopo Madison, Wisconsin, tangu 1910, hushauri mbao ya aina yoyote ibandikwe ndani ya saa 24 baada ya kurandwa. Kuupima uso wa mbao hakuhitaji chombo: dondosha tone la maji. Likitawanyika na kuzama, uso uko tayari. Likikaa duara juu ya mbao, gundi nayo itakaa hivyo hivyo.

Ikiwa kosa lilikuwa la gundi peke yake, matengenezo ni mepesi. Gundi ya zamani huondolewa yote hadi mbao ionekane, kwa kuwa gundi nyeupe haishiki vizuri juu ya gundi nyeupe iliyokauka. Nyuso husawazishwa hadi zikutane bila mwanga kupita kati yake, hukwaruzwa kidogo kwa msasa, hupanguswa, hupakwa epoksi pande zote mbili na kubanwa kwa nguvu ya wastani. Siku nzima ipite kabla ya kugusa vibano.

Mkunjo ukiwa ndio uliofanya, kubandika upya ni kuahirisha tu. Mafundi wana njia kadhaa. Wapo wanaobandika kipande kirefu zaidi chenye miteremko ya polepole. Wapo wanaotanguliza utepe wa mbao inayonyumbulika, wenye unene wa milimita 3 hivi, ukipita mwisho wa kipande kwa sentimita kadhaa kila upande na kuchongwa hadi uishe kabisa. Utepe huo huanza kupinda pamoja na mkono kabla mzigo haujafika kwenye kipande. Na wapo wanaokwangua katikati ya mikono ili mkunjo uhamie mbali na mshikio, wakikubali upinde upoteze nguvu. Hasara hiyo si ndogo: ukipunguza asilimia 10 ya unene, ugumu wa pale hupungua kwa zaidi ya robo.

Njia ya nne haipendwi, labda kwa sababu inaonekana kama kushindwa, ingawa kwa upinde wa ubao wenye nguvu ya wastani ndiyo ya busara kuliko zote. Kipande hakirudishwi. Ikiwa katikati ya ubao hapajapunguzwa sana upana, mikono husawazishwa upya ili upinde wote ujikunje kidogo hadi katikati, na mahali pa kushika hujazwa tabaka za ngozi au gome laini la vizibo vya chupa, vitu vinavyopinda pamoja na mbao bila kugombana nayo.

Kufungia uzi juu ya ufa, tiba inayopendwa kuliko zote, hakuponyi maungio yanayocheza. Uzi uliolowekwa gundi una kazi yake halali kwingine: kibanzi kilichoinuka mgongoni pale ubao unapobanwa upana, ambako nyuzi zimekatwa na randa, huweza kutulizwa kwa supaglu nyepesi na kuviringishiwa uzi wa kitani. Ufa unaokatiza mgongo kwa upana ni habari nyingine. Huo haubandikwi. Mikunjo midogo ya kukatiza upande wa tumbo, karibu na mteremko, nayo huonyesha mbao iliyosagika kwa kubanwa, na gundi haiwezi kuirudisha.

Upinde uliotengenezwa huvutwa kwanza kwa kapi, mara nyingi na kwa umbali mfupi, kisha umbali huongezwa kidogo kidogo huku fundi akisikiliza. Hauachiwi kamwe bila mshale, kwa sababu nguvu ambayo ingekwenda na mshale hurudi kwenye mbao na kwenye gundi ile ile mpya. Ngozi ya mshikio hufungwa mwisho, na wiki za mwanzo ni afadhali ifunike sehemu ya kushika tu, ncha za miteremko zikiachwa wazi, ili mstari ukitokea tena uonekane mapema.